Utafiti wa uchumi na ikolojia kwa pamoja: mwongozo kutoka kwenye mabani ya Tabora

Msimu wa kwanza tulirudi Tabora mjini na mafaili mawili. La mchumi wetu lilikuwa na kaya mia na kitu, kila kaya imelima eka ngapi, imeuza kilo ngapi, imekatwa mkopo wa pembejeo kiasi gani. La mtu wa misitu lilikuwa na viwanja vya sampuli, miti imepimwa vizuri kabisa, unene, urefu, jina la Kinyamwezi na la kitaalam. Tukafungua laptopu tuunganishe tujibu swali letu, tumbaku, ambayo inakaushwa kwa moto wa kuni kwenye mabani, yaani majengo ya kukaushia, inakula msitu kiasi gani na nani anaumia, ikashindikana. Hakukuwa na hata safu moja inayofanana. Mchumi anajua mzee fulani kauza tumbaku ila hajui kuni zake zilitoka pori lipi, mtu wa misitu anajua pale pamekatwa ila hajui kakata nani na kwa ajili ya nini. Kila kazi peke yake ilikuwa nzuri, ila ukiziweka pamoja hazikujibu kitu, na iliniuma sana maana wale watu walitupa muda wao katikati ya kuvuna, wakati ambao mkulima wa tumbaku hata usingizi hana.

Ndo maana naandika huu mwongozo kwa yeyote anayetaka kufanya utafiti wa uchumi wa ikolojia, ule unaochanganya fani, uchumi, misitu, sosholojia, nyuki, udongo. Natumia mfano wa tumbaku ya mvuke, hiyo inayokaushwa kwa joto la bani, na miyombo, miti ya pori la asili la huku, kwa sababu ndo ninaoujua, wa Kigoma atabadilisha aweke dagaa na ziwa, njia ni ile ile.

Hatua ya kwanza, tafuteni swali ambalo hakuna mmoja wenu anayeweza kulijibu peke yake.

Hapa watu wengi wanaruka. Wanakusanya fani tano, kila mtu anakuja na swali lake la zamani, wanaliita mradi wa pamoja. Kama mchumi anaweza kujibu swali bila kumuuliza mtu wa misitu basi hilo ni swali la uchumi, alijibu mwenyewe. Sisi baada ya kuumia tuliandika moja tu kwenye karatasi tukalibandika ukutani: kilo moja ya tumbaku inayofika sokoni imekula msitu kiasi gani, na gharama hiyo imembebesha nani? Angalia hilo swali, kilo ya sokoni ni ya mchumi, msitu ni wa mwanaikolojia, imembebesha nani ni ya sosholojia na siasa, na huwezi kukata kipande kimoja ukabaki na maana.

Kuna wazo moja la msingi mlishike wote kwenye timu, hata yule wa udongo. Vitabu vingi vya uchumi vinachora duara, kaya inatoa nguvu kazi, kampuni inatoa mshahara, hela inazunguka. Mwaka 1971 Nicholas Georgescu-Roegen alionesha kwamba hiyo picha inasahau kitu, hela inazunguka ndio lakini malighafi na nishati haizunguki, inaingia mali inatoka taka. Mwanafunzi wake Herman Daly akaendeleza, akasema uchumi ni kitu kidogo kilicho ndani ya dunia, kina mdomo wa kuingizia na sehemu ya kutolea. Kwa mtu wa Urambo au Kaliua, wilaya za tumbaku huku Tabora, hii haihitaji maelezo marefu, noti aliyolipwa mkulima leo kesho iko dukani keshokutwa iko kwa mwenye boda, ila gogo lililoingia kwenye tanuru la bani limekuwa majivu na moshi, halirudi kuwa gogo.

Hatua ya pili, timu. Iwe ndogo, watu wanne watano, na msiishie kwa wenye digrii. Ninyi mtasema mmeshirikisha jamii kwa sababu mmewahoji, hapana, namaanisha mtu wa kijijini akae mezani wakati swali linatungwa. Kwetu walikuwa wawili, baba mmoja mrina asali na kijana anayechochea moto bani. Yule kijana ndo alituambia kwamba kuni hazitumiki sawa siku zote, wakati wa kuivisha jani liwe njano moto unakuwa mdogo, ukifika kukausha jani halafu kikonyo unapandisha joto mpaka nyuzi sabini hivi na hapo ndo magogo yanaliwa, na uchomaji mmoja unachukua kama wiki. Kama tungepima siku mbili za mwanzo tukazidisha tungepata namba ya uongo kabisa, na hakuna profesa angetuambia. Na walipwe kama wenzenu wanavyolipwa, siyo soda na asante.

Hatua ya tatu ndo ningependa mkae nayo muda mrefu kuliko zote. Kaeni siku nzima mtengeneze kamusi yenu.

Inaonekana kama kazi ya kitoto lakini utafiti mwingi wa fani mchanganyiko unafia hapa kimya kimya, kwa sababu mnatumia neno moja na kila mtu ana maana yake. Chukua "msitu". Mtu wa misitu anaangalia majani ya juu yamefunika asilimia ngapi ya ardhi. Mwanakijiji wengi wao ukisema msitu anaelewa hifadhi, ile yenye mpaka na walinzi, kule anakokata kuni anaita pori. Kwa hiyo ukimuuliza unatoa kuni msituni, anakujibu hapana, na hajadanganya. Chukua "kaya". Mzee ana wake wawili, kila mama ana shamba lake la mahindi na jiko lake, tumbaku ni ya mzee, je hiyo ni kaya moja au tatu? Ukiandika moja umewafuta akina mama, na wao ndo wanaotafuta kuni za kupikia. Tukakubaliana jiko moja kaya moja, bani tunaliandika pembeni na namba yake lenyewe.

Halafu "eka". Huku eka inapimwa kwa hatua sabini kwa sabini. Asili yake ni yadi, yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900 na eka halisi ni 4,840, kwa hiyo mtu mrefu mwenye hatua ya yadi nzima yuko karibu sana na ukweli. Lakini mwenye hatua ya sentimita 75 shamba lake ni mita 52.5 kwa 52.5, hiyo ni kama mita za mraba 2,756, chini ya robo tatu ya eka. Mchumi anaandika eka mbili mbili kwa wote, anagawanya kilo kwa eka, anatoa hitimisho kwamba fulani ni mzembe, kumbe shamba lake ni dogo tu. Zungukeni shamba na jipiesi, dakika kumi zinatosha.

Na neno "thamani" liwekeni mwisho kwenye kamusi, andikeni tofauti zenu, msilazimishe makubaliano.

Vibali nitapita haraka. Barua ya chuo au taasisi yako, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Mkiwa na mtafiti wa kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, aanze mapema. Kuingia hifadhi ya taifa ya msitu mnaongea na TFS, wakala wa huduma za misitu, kwanza. Na mkifika kijijini salimieni kwa utulivu, shikamoo kwa anayestahili, kaeni, msianze kutoa fomu kabla hata hamjakaribishwa maji.

Ila kuna kitu kwenye maadili lazima nikiseme polepole. Mkulima akikwambia kuni alizitoa ndani ya hifadhi amekukabidhi kosa lake mkononi. Ukiandika jina lake, ukaweka na alama ya jipiesi ya kisiki, halafu faili likazunguka, umemfunga wewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, jina na namba ya kaya vikae mafaili mawili tofauti, moja liko kwa mtu mmoja tu lina nywila, na kwenye ramani mtakayotoa nje visiki visioneshwe kimoja kimoja, onesheni eneo kubwa. Waambieni watu hivyo kabla hamjauliza, na asiyetaka kujibu muacheni aendelee na kazi zake.

Hatua inayofuata ni kuchora mtiririko. Sisi tulichora chini kwenye mchanga nyuma ya ofisi ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kijiti tu. Pori upande huu, bani katikati, soko kule, jiko la mama pembeni, mizinga juu. Kila mshale ulizeni nini kinapita, kwa kipimo gani, mwezi gani, na nani anajua. Mbolea inatoka nje inakuja kwa mkopo, inatoka tumbaku kwenye marobota, bei yake kwa miaka mingi imepangwa kwa dola, mkopo unakatwa, kinachobaki ndo cha mkulima. Kuni zinatoka porini zinaingia bani na hazina mshale wa kurudi. Yule mrina asali akaongeza mishale ambayo hatukuifikiria, kwamba mtundu, mmoja wa miti ya miyombo, ukikatwa nyuki wamepoteza maua, mizinga inahamishwa mbali zaidi. Halafu akasema bila kuulizwa kwamba mzinga wa gome nao unaua mti, ukibandua gome lote kuzunguka shina mti unakauka, kwa hiyo na yeye awekewe mshale wake. Nilimheshimu sana.

Tukagundua pia mshale kutoka kwenye udongo. Minyoo inayoshambulia mizizi inajaa kwenye udongo uliolimwa tumbaku mfululizo, kwa hiyo mkulima anakimbia anafungua shamba jipya porini. Kwa hiyo msitu unaliwa mara mbili, kwa kuni na kwa shamba, na ukipima kuni peke yake umepima nusu.

Sasa kupima. Hapa jasho linatoka, ila ndo raha ya kazi.

Bani: chagueni mabani machache mkae nayo msimu mzima badala ya kupita mengi mara moja. Kila kuni zinazoingia zipimwe kwa mzani wa kuning'iniza, msiandike "tela moja" mkaondoka, matela hayalingani na upangaji haulingani. Kata vipande vya sampo kwenye magogo tofauti, pima uzito pale pale, funga kwenye mfuko, peleka maabara vikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 103 hivi mpaka uzito usishuke tena, maana kuni mbichi sehemu kubwa ni maji. Tuseme kwa mfano wa kubuni tu, uchomaji mmoja umeingiza kilo 1,800 za kuni, sampo zinaonesha asilimia 30 ya uzito ni maji, basi kuni kavu ni kilo 1,260. Tumbaku iliyotoka ni kilo 180. Usiporekebisha maji unasema kilo 10 za kuni kwa kilo ya tumbaku, ukirekebisha ni 7. Watu wanagombana kwenye mikutano kwa namba kumbe mmoja kapima mbichi mwingine kavu.

Pori: viwanja vya duara, mita 15 kutoka katikati hadi ukingoni, vinafaa, ni kama mita za mraba 707, kwa hiyo hekta moja ina kama viwanja 14. Unene wa mti unapimwa mita 1.3 kutoka chini, hilo kila mtu wa misitu anajua. Wanachosahau ni visiki. Kwa swali letu kisiki ndo ushahidi, pima kipenyo, urefu wake, kimekatwa kwa shoka au msumeno, kibichi au cha zamani, na muhimu zaidi kina chipukizi ngapi. Miyombo haifi kirahisi, ukikata inachipua kutoka kwenye kisiki, kinachoiua ni kurudi kukata kabla haijakua, moto mkali wa mwisho wa kiangazi, au trekta kung'oa visiki shamba liwe safi. Kwa hiyo "eka fulani zimekatwa" na "eka fulani zimepotea" ni vitu viwili, mwanaikolojia amuelekeze mchumi hapo mapema.

Kaya: msitegemee kumbukumbu ya mwaka mzima. Mpeni kila mama daftari lenye picha za kuweka alama, mzigo mmoja wa kuni wa kichwani mstari mmoja, ameenda saa ngapi amerudi saa ngapi. Hapa ndipo tulipoona kitu ambacho hakuna fani ingekiona peke yake. Bani linataka magogo manene, jiko linataka matawi. Kwa hiyo kwenye karatasi havishindani. Lakini magogo yakiisha karibu na kijiji pori linasogea, na matawi yanasogea nalo, na mama anatembea. Mchumi alikuwa na bei ya tumbaku imeongezeka, furaha, na daftari za akina mama zilikuwa na saa zimeongezeka. Hayo masaa hayapo kwenye bei yoyote.

Na sasa kile kilichotukwamisha mwaka wa kwanza: kila kitu kipate namba yake. Kaya ina namba, bani lina namba, pori ambalo bani hilo linatoa kuni lina namba, na kila fomu ya kila fani inaanza na hizo namba tatu. Tengenezeni jedwali tupu kwenye eksel kabla ya kutoka mjini, jazeni data za uongo za kaya tano, jaribuni kujibu swali lenu. Likigoma kwenye data za uongo litagoma na za kweli. Siku moja ya kazi hii ingetuokolea msimu mzima.

Tuje kwenye thamani, na hapa nina msimamo.

Mchumi wetu alitaka kuuliza kila kaya ingekuwa tayari kulipa shilingi ngapi kwa mwaka ili pori lihifadhiwe. Ni njia inayokubalika, nikakubali. Wengi wakajibu sifuri. Ukiichukua hivyo ripoti inasema watu wa hapa hawajali msitu. Nilirudi na dada wa sosholojia kuuliza kwa nini, mzee mmoja akatuangalia akasema, pori la babu zangu nimlipe nani? Sifuri yake ilikuwa kukataa swali, ilimaanisha hili ni letu haliuzwi. Wengine walisema sifuri kwa sababu hela hawana, siyo kwamba hawapendi. Kwa hiyo ukiuliza kwa shilingi lazima uulize na sababu, na sifuri za kukataa zisichanganywe na sifuri za kweli.

Sipingi kuhesabu kwa hela, isieleweke vibaya. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walikadiria huduma za asili za dunia nzima kuwa kama dola trilioni 33 kwa mwaka, wakosoaji walikuwa wengi lakini viongozi waliokuwa hawasikii wakasikia. Na hapa jirani Shinyanga, wafugaji walirudisha ngitili zao, yaani maeneo ya malisho na miti yanayofungwa ili yaote tena, kwa msaada wa mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986, tathmini iliyotoka 2005 ikakuta faida ya zile ngitili ni kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Hiyo namba ina nguvu mbele ya mtu wa bajeti. Ninachokataa ni kuyeyusha kila kitu kiwe shilingi halafu kujumlisha, maana ukijumlisha hela ya tumbaku ya baba ukatoa masaa ya mama ukapata jibu ni chanya, umeshaamua kimya kimya kwamba faida ya mmoja inafuta jasho la mwingine.

Badala yake tulitumia jedwali la vigezo vingi. Juu ziko njia mbadala, tuseme kuendelea kama sasa, mabani yaliyoboreshwa yanayokula kuni kidogo, kupanda miti ya kuni shambani, kupunguza eka za tumbaku. Pembeni viko vigezo kila kimoja kwa kipimo chake, shilingi kwa kaya, kilo za kuni kavu, masaa ya mama, ndoo za asali, visiki vinavyochipua. Hakuna jumla chini. Watu wanakaa wanaliangalia wanabishana, na huo ubishi unaandikwa, ni data. Kwenye safu ya kupanda miti muwe makini, msihesabu miche iliyogawiwa, nendeni mkahesabu miti iliyo hai baada ya miaka miwili. Miche ya kwenye ripoti haikaushi tumbaku.

Kurudisha matokeo kijijini kunakuja kabla ya kuandika ripoti, siyo baada. Chapisheni jedwali kubwa, herufi kubwa, Kiswahili, picha kwa wasiosoma, na mkutano msiweke wakati wa masoko maana hamtapata mtu. Mkae vikundi tofauti, wenye mabani, akina mama, warina asali, wafugaji, halafu wote pamoja. Kwetu akina mama walitusahihisha namba mbili, walikuwa sahihi. Elinor Ostrom aliyepata Nobeli ya uchumi 2009 alitumia maisha yake kuonesha kwamba watu wanaotumia rasilimali ya pamoja wanaweza kujitungia kanuni na kuzisimamia, ila alionesha pia kwamba wanahitaji taarifa ya kuaminika kuhusu hali ya hiyo rasilimali. Jedwali lenu likibaki kwenye laptopu mjini hamjawapa hiyo taarifa.

Kuandika: kaeni chumba kimoja, msigawane sura. Mkigawana mtarudi kwenye mafaili mawili, safari hii yamefungwa jalada moja. Mtu wa misitu aandike rasimu ya sehemu ya hela, mchumi aandike ya visiki, halafu mrekebishane, mtaona haraka nani hajamuelewa mwenzake. Majina ya waandishi mkubaliane siku ya kwanza, na yule mrina asali na kijana wa bani wamo.

Pangeni na hela ya kurudi, wengi hawapangi. Msimu mmoja hautoshi kwa miyombo. Nendeni mwezi wa kumi mwaka unaofuata, kabla ya mvua, wakati majani mapya yanatoka na pori lote linakuwa jekundu, tafuteni visiki vile vile kwa namba zenu, hesabuni chipukizi zilizobaki, na mkimaliza piteni kwenye kila jiko mchukue daftari la pili.